Umati si Ushahidi: Tufanyeje Tunapoambiwa Pametokea Muujiza?

(Matini ya mada iliyotolewa mbele ya walimu wa madrasa na wajumbe wa kamati za misikiti, Lalago, wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu.)



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote waliofuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, mada tuliyopewa inahusu mambo yanayofanywa na watu pindi inapoenea habari kwamba mahali fulani ametokea mtu mtukufu, au imeonekana alama ya mbinguni, au ameoteshwa mtu dawa ya kila ugonjwa. Hatukuja kujadili kama miujiza ipo au haipo. Muislamu anaamini kuwa Allah (S.W.) aliwapa Mitume wake miujiza, na Ahlus-Sunna wanakubali kuwa wacha Mungu huweza kukirimiwa karama. Vile vile wanazuoni wametutahadharisha na jambo la tatu, nalo ni istidraji, ambapo mtu mpotevu huachiwa jambo la ajabu litokee mikononi mwake ili azidi kupotea yeye na wanaomfuata. Mwenye macho tu hawezi kuyatofautisha matatu haya, kwani kwa nje yanafanana. Kinachoyatofautisha ni elimu. Basi swali letu leo ni hili: watu elfu tano wakisimama mahali pamoja na wote wakasema tumeona, je, hiyo ni elimu?

Tuanze na tukio la jirani. Tarehe 11 Juni 1988, katika mtaa wa Kawangware, jijini Nairobi, sehemu ambayo kwa bahati inaitwa Kijiji cha Waislamu, palikuwa na mkusanyiko wa ibada wa kanisa la Bi Mary Akatsa, mama aliyesifika kwa kuombea wagonjwa. Kwa mujibu wa gazeti la Kenya Times, walikuwapo watu wapatao 6,000. Bi Akatsa alitangulia kuwaambia kwamba atakuja mgeni mkubwa. Akatokea mwanamume mrefu mwenye ndevu, peku, amevaa kanzu nyeupe na kilemba, akazungumza Kiswahili kwa muda mfupi. Watu wakapiga mayowe kwamba huyu ni Yesu. Wako waliolia na wako waliojitupa chini. Kisha mgeni akaondoka kwa gari la mtu aliyekuwapo pale, akateremka njiani, na ikasemwa kuwa alitembea hatua chache akatoweka. Mhariri wa gazeti hilo, Job Mutungi, aliandika kuwa yeye mwenyewe alikuwapo. Picha ikasambaa duniani. Huko Uingereza, Benjamin Creme, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitangaza ujio wa mwalimu wake aitwaye Maitreya, akasema ndiye huyo. Kwa hiyo mtu yule yule mmoja, katika picha ile ile moja, alikuwa Yesu kwa watu wa Kawangware na Maitreya kwa watu wa London.

Tunaomba ndugu zetu walitazame tukio hili kwa utulivu, bila dhihaka. Je, umati ule uliona nini hasa? Uliona mtu mrefu mwenye kanzu. Hilo halina shaka, picha ipo. Lakini hayo mengine, kwamba ni nani, ametoka wapi na amekwenda wapi, hayakuonwa na jicho la mtu yeyote. Yaliletwa na matarajio. Watu walikwisha kuambiwa mgeni anakuja. Jina likawa tayari vinywani mwao likimsubiri mwenye kulivaa. Akalitamka mmoja kwa sauti, na aliyekuwa nyuma, ambaye pengine hakuona ila migongo ya wenziwe, akalipokea na kulirudisha kwa nguvu zaidi. Katika hali kama hiyo mwenye shaka hunyamaza. Atasema nini mbele ya watu 6,000 wanaolia? Na ukimya wake nao huhesabiwa kuwa ni kukubali.

Sisi Waislamu tumefundishwa kuwa Nabii Isa (A.S.) atateremka, na tumepewa sifa na alama za kuteremka kwake, ikiwa ni pamoja na mahali: mashariki ya Damascus, penye mnara mweupe. Hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim. Aliyeisoma, hata angalikuwa Kawangware siku ile katikati ya mayowe, angalikuwa na kipimo mkononi. Elimu haikuzuii kuona, ila inakupa nafasi ya kuuliza.

Mfano mwingine ni wa Misri, nchi ambayo wengi wa walimu wetu wamesoma. Usiku wa tarehe 2 Aprili 1968, katika kitongoji cha Zaytun mjini Cairo, mafundi wa gereji iliyokuwa mkabala wa kanisa la Kikopti waliona umbo la mwanga juu ya kuba. Wa mwanzo kupaza sauti alikuwa Muislamu, aliyedhani kuna binti anataka kujirusha. Baadaye ikasemwa ni Bibi Maryam, na watu kwa maelfu mengi, Wakristo na Waislamu, wakawa wanakesha hapo usiku baada ya usiku. Hatusemi mwanga ulikuwa nini. Tunachotaka kionekane ni wakati wenyewe: haukuwa umetimia mwaka tangu vita vya Juni 1967, vita vilivyovunja moyo wa taifa zima, na katika kila mtaa palikuwa na nyumba iliyofiwa. Moyo uliojeruhiwa huwa na kiu ya ishara.

Na kwa kuwa uadilifu ni faradhi juu yetu hata kwa wasiokuwa wenzetu, tuseme pia jambo la Kibeho, huko Rwanda. Kuanzia Novemba 1981 wanafunzi wa kike walidai kutokewa na Bibi Maryam. Umati ukafurika. Kanisa Katoliki halikukimbilia kusema ndiyo. Liliunda tume ya waganga na tume ya wanateolojia, na uamuzi wa askofu ulitoka mwaka 2001, yaani miaka 20 baadaye, tena kwa baadhi tu ya waliodai. Itikadi yao si yetu. Lakini miaka ishirini ya kuchunguza kabla ya kutamka! Kuna masheikh wetu ambao hawasubiri hata swala ya Isha.

Naam, tukijitazama wenyewe tutakuta hatuko mbali. Mwanasayansi wa samaki J.L.B. Smith, katika kitabu chake cha samaki wa kusini mwa Afrika kilichotoka mwaka 1949, ameeleza habari ya samaki aliyeuzwa Zanzibar enzi za rupia. Mistari ya mkia wake ilisomwa upande mmoja kuwa ni shahada na upande wa pili kuwa ni onyo litokalo kwa Allah. Bei yake ikapanda hadi rupia 5,000. Samaki wa jinsi hiyo wapo wengi katika bahari yetu, na wote wana mistari yenye kukatika-katika inayofanana na hati. Mpaka leo Wazungu humwita samaki wa Kurani. Mwaka 2006 ikawa zamu ya Mombasa. Jodari aliyevuliwa upande wa Vanga alisemekana ana maneno ya Kiarabu ubavuni, na watu wakamiminika dukani kumtazama. Ni Waislamu wale wale ambao Kitabu chenyewe kimo majumbani mwao, kimefungwa vizuri kwa kitambaa, juu ya kabati.

Hali kadhalika katika miaka ya tisini alivuma mtoto Sharifu wa Arusha, aliyezaliwa mwaka 1993 katika familia ya Kikristo, ikasemwa kuwa alianza kusoma Qur'an bila ya kufundishwa. Alitembezwa nchi nyingi na mikanda yake ya video ikauzwa kila mahali. Sisi hatumtuhumu mtoto. Tunawauliza watu wazima waliosongamana ili tu wamguse nguo: hayo ya kugusa mmeyapata katika mlango gani wa fiqhi?

Na kabla ya hayo yote ilikuwapo barua ya Makka. Mwaka 1908, katika pwani ya kusini ya nchi hii, hasa upande wa Lindi, ilienea barua iliyodaiwa kutoka kwa Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume (S.A.W.), kwamba amemuona Mtume usingizini na kwamba Kiyama kimekaribia. Watu walijaa misikitini kwa hofu, na Wajerumani, ambao moto wa Majimaji ulikuwa ndiyo kwanza umezimika, waliingiwa na wasiwasi mkubwa. Wasia huo umekanushwa na wanazuoni zaidi ya mara moja. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz aliuandikia risala maalumu ya kuubatilisha. Hata hivyo haujafa. Ulinakiliwa kwa mkono, ukaja kwa mashine ya fotokopi, ukaja kwa ujumbe mfupi wa simu, na sasa unakuja kwa WhatsApp pamoja na amri ya kuwatumia watu ishirini. Sheikh Ahmad huyu ameota ndoto ile ile kwa zaidi ya miaka mia moja.

Tuje sasa hapa kwetu. Watu wa Usukumani hawahitaji kufundishwa jinsi umati unavyokusanywa, kwani wamelijua jambo hili tangu zamani. Katika ngoma za Bagika na Bagalu mshindi hapatikani kwa hukumu ya majaji. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na aliyeshinda ni yule ambaye watazamaji wengi wamehamia upande wake. Ndiyo maana manju walitafuta dawa ya mvuto, ambayo wenyeji huiita samba, ili macho ya watu yavutwe kwao. Jina la Ng'wanamalundi, aliyefariki mwaka 1936, bado linatajwa kila kijiji, kwamba alikuwa akiunyooshea mti kidole ukakauka. Katika ngoma jambo hili lina mantiki yake: wingi wa watu ndiyo ngoma yenyewe. Tatizo linaanza pale kipimo hicho cha uwanja wa ngoma kinapohamishiwa katika dini na katika tiba. Mtu akiona watu wengi upande ule, anahisi pamethibiti jambo. Na yeye anapokwenda, anaongeza hesabu kwa ajili ya atakayekuja nyuma yake. Hivyo kila mmoja anamfanya mwenziwe kuwa ushahidi, na mwishoni hapana shahidi hata mmoja.

Qur'an imetusimulia kisa cha Nabii Musa (A.S.) alipowaacha watu wake kwa siku arobaini. Walikuwa ni watu waliovuka bahari kwa miguu yao. Akaja Samiri na ndama mwenye sauti, na umma ukamgeukia. Nabii Harun (A.S.) aliwakataza, wakamdharau na wakakaribia kumuua. Nabii mmoja mbele ya umati, na umati ukaona haki iko kwa ndama! Na katika njia ya kwenda Hunayn, baadhi ya waliosilimu karibuni waliona washirikina wana mti wanaoutundikia silaha zao kwa kutaka baraka, wakamuomba Mtume (S.A.W.) awawekee na wao mti kama ule. Akawaambia kwamba ombi lao ni sawa na la wana wa Israili waliomtaka Musa awafanyie mungu. Tena hawakuwa watu wabaya hawa. Walikuwa wageni katika dini, wameona wengine wanafanya.

Lakini tukio linalotugusa zaidi ni la mwaka wa 10 wa Hijra. Alifariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (S.A.W.), na siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Fikirini, ndugu zetu. Umati ulikuwa upande wake, mbingu zimetiwa giza, moyo wake umejaa huzuni, na uvumi wenyewe ulikuwa wa kumtukuza. Mwenye kutafuta wafuasi angalinyamaza tu na ukawa muujiza. Yeye alitoka, akasali, kisha akahutubia kuwa jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Allah, havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu yeyote. Alikanusha muujiza wa uongo uliomnufaisha yeye mwenyewe. Sisi hatujui kipimo cha ukweli wa mlinganiaji kilicho bora kuliko hiki, nacho kinafaa kwa kila anayedai ameoteshwa: watazameni wanafanya nini uvumi unapokuwa na faida kwao. Na Umar (R.A.), alipopata habari kuwa watu wanauendea mti wa Hudaybiya na kuswali hapo, aliamuru ukatwe.

Sasa Loliondo. Hapa tutakaa kidogo, kwani watu wa kanda hii ya Ziwa walikwenda kwa wingi, Waislamu wakiwamo. Wakati huo Lalago ilikuwa bado katika mkoa wa Shinyanga. Simiyu haikuwa imezaliwa. Mwanzoni mwa mwaka 2011 ilienea habari kuwa katika kijiji cha Samunge, wilaya ya Ngorongoro, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, ameoteshwa na Mungu dawa inayoponya ukimwi, kisukari, saratani na maradhi mengine sugu. Ilikuwa ni maji ya mizizi iliyochemshwa ya mti uitwao mugariga, kikombe kimoja kwa shilingi 500. Watu wakamwita Babu. Haikupita muda msururu wa magari ukazidi kilomita 20. Walikwenda mawaziri na wabunge, wengine kwa helikopta. Mwishoni mwa Machi umati uliokuwa ukingoja ulikadiriwa kufikia watu 24,000, mpaka Babu mwenyewe akaomba wasije wapya hadi tarehe 1 Aprili. Vyombo vya habari viliripoti kuwa watu wapatao 50 walikwisha kufa wakiwa katika foleni, wengi wao wagonjwa waliotolewa vitandani hospitalini.

Kwa haki, bei ya kikombe haikuwa ya mtu mwenye uroho, na hilo ndilo lililowaaminisha wengi. Ila ghali haikuwa kikombe. Ghali ilikuwa nauli, kulala porini na kuuza ng'ombe ili gari lipatikane. Na kwa nini umati ulikuwa mkubwa kiasi kile? Kwa sababu ya sharti moja: dawa haifanyi kazi mpaka itolewe na mkono wake, hapo hapo Samunge. Mti wenyewe unaota sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Laiti nguvu ingalikuwa katika mzizi, kila mtu angalichemsha kwake. Sharti la mkono mmoja na mahali pamoja ndilo lililotengeneza foleni, na foleni ikawa ndiyo tangazo. Kisha wakatokea wengine Tabora, Mbeya na kwingineko, nao wameoteshwa, nao wana vikombe.

Wako walioacha dawa za kufubaza virusi vya ukimwi kwa kuamini wamepona. Anayeziacha haanguki siku hiyo hiyo. Hujiona mzima kwa wiki, pengine miezi, akawa shahidi mwenye afya anayewahimiza wengine waende. Virusi huongezeka kimya kimya. Atakapolala kitandani, umati umekwisha kutawanyika na hakuna anayemhesabu. Kabla mwaka ule haujaisha Samunge palikuwa pametulia, na Mwasapila alifariki Julai 2021. Ndugu zetu, wale waliokuwa wakisema wamepona tumewasikia kwa maelfu. Wale waliokufa nyumbani kwao hatukusikia sauti zao.

Mambo mengine yalikuwa mabaya zaidi. Huko Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia waliteketea ndani ya kanisa lililofungwa, wakiwa wamewafuata viongozi waliodai kutokewa na Bibi Maryam. Na hapa nchini, tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa baada ya kukanyagana katika mkutano wa ibada, pale umati ulipokimbilia kupita mahali pamoja ili wakanyage mafuta yaliyoombewa.

Asije mtu akasema hayo ni ya wenzetu. Mahujaji wetu 1,426 walikufa katika njia ya chini ya ardhi ya al-Ma'aysim, Mina, mwaka 1990. Zaidi ya 340 walikufa Jamarat mwezi Januari 2006, na Septemba 2015 serikali ya Saudia ilitangaza vifo 769 hapo hapo Mina. Ibada ni sahihi, mahali ni pa haki, na bado miili ya watu ilifuata kanuni ile ile. Wataalamu wanasema wakifika watu sita au saba katika mita moja ya mraba, mtu hamiliki tena mwili wake. Anachukuliwa kama maji. Wengi hawafi kwa kukanyagwa. Hufa wamesimama, vifua vimebanwa, pumzi haina pa kuingia. Aliye nyuma anasukuma akidhani mbele kuna nafasi, na kilio cha aliye mbele hakimfikii. Kilichosaidia Jamarat baada ya 2006 ni daraja jipya la ghorofa kadhaa, na njia ya kuingia ikatengwa na ya kutokea. Mtume (S.A.W.) mwenyewe, alipokuwa akitoka Arafa, alisikia nyuma yake kelele na ngamia wanapigwa, akawaashiria watu kwa mjeledi wake watulie, akawafahamisha kuwa wema haupatikani kwa kukimbiza. Na ametukataza kuikimbilia swala hata iwe imekwisha kukimiwa.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo kwa kamati za misikiti ya hapa Lalago na vijiji vyake. Ikija habari ya samaki, ya mtoto, ya kikombe au ya barua, isisomwe kwenye kipaza sauti cha msikiti kabla haijaulizwa: nani ameona kwa macho yake, na nani amesikia tu? Walimu wa madrasa wafundishe kisa cha kupatwa kwa jua katika darasa la sira, si wapite juu yake haraka kama tunavyozoea. Mgonjwa yeyote anayetaka kwenda kuombewa au kusomewa ruqya asizuiliwe dua, ila aulizwe kama dawa zake amezichukua, na jamaa zake wahakikishe hakukosa siku yake ya kliniki.

Na jambo la mwisho ni la mlango. Siku ya Idi na siku za Maulidi ya jirani zetu, tumeona watoto wakipangwa mbele ya mlango mmoja unaofunguka kwa ndani. Mlango wa namna hiyo, watu wakiusukuma kwa pamoja kutoka ndani, haufunguki kabisa. Ugeuzwe bawaba ufunguke kwa nje, na ule wa upande wa wanawake usifungwe kwa kufuli wakati wa swala. Fundi ameshaonekana, na kilichobaki ni gharama ya bawaba na mbao, ambayo kamati itaizungumza baada ya swala ya Alasiri.

Wabillahi tawfiiq.